Mabomba matatu, mkataba mmoja

Ijumaa moja jioni nilikuwa nimeketi kaunta kwenye mkahawa wa rafiki yangu hapa Brussels. Kijana mmoja akaingia, akayatazama mabomba matatu ya bia yaliyosimama mbele yetu, akauliza kama kuna bia ya kile kiwanda kidogo cha mtaa wa pili. Rafiki yangu akatikisa kichwa. Kijana akashukuru kwa adabu, akatoka.

"Kila wikendi wananiuliza ile bia," rafiki yangu akaniambia. Ni mtu wa Bukavu, na miaka yote ya Ubelgiji haijakigusa Kiswahili chake. "Mwenye kile kiwanda tunajuana, tunasalimiana barabarani. Ila siwezi kuweka bia yake hapa. Niko na mkataba, ndugu yangu."

Akainama chini ya kaunta, akatoa faili. Kifungu alichonionyesha hakikuwa kirefu. Bia zote za bomba atanunua kwa kampuni moja. Kila mwaka atachukua hektolita (moja ni lita 100) zisizopungua kiasi kilichoandikwa, na zikipungua atalipa fidia. Mashine ya kupoza, mabomba yenyewe, taa ya jina mlangoni, miavuli ya nje, hata glasi, vyote ni mali ya kampuni na vitarudi kwa kampuni.

Kisha akaniambia jambo lililonikaa kichwani kuliko kile kifungu. Supamaketi ya jirani inauza kreti ya bia ileile, tena rejareja, kwa bei iliyo chini ya ile anayouziwa yeye kwa jumla.

Sitaitaja kampuni hiyo, kwa sababu yeye bado anafanya nayo kazi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali ambalo limenisumbua kwa wiki kadhaa. Tunaambiwa Ulaya ni soko moja, huru, lenye ushindani wa kupigiwa mfano. Viwanda vya bia ndani ya Umoja wa Ulaya ni zaidi ya 9,000. Inakuwaje mtu mwenye leseni, mwenye wateja, anayelipa kodi zake, asiwe na neno juu ya bia inayotoka kwenye bomba lake?

Fedha ambazo benki haikutoa

Kwanza niseme haki. Bila kampuni ile, mkahawa huu usingekuwepo.

Rafiki yangu alizunguka benki nyingi. Hakuwa na nyumba ya kuweka rehani, hakuwa na hesabu za miaka iliyopita, na alitaka kufungua biashara ambayo kila afisa mikopo anajua inakufa haraka. Kiwanda cha bia kikampa fedha za kuanzia na vifaa vyote, tena kwa masharti ambayo kwenye karatasi yanaonekana mepesi. Riba yenyewe ni ndogo. Faida ya mkopeshaji iko kwenye bei ya pipa.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipoanza kuona kwa nini mfumo huu umedumu. Bia ni mzigo mzito wenye thamani ndogo kwa lita. Kiwanda kikubwa kina gharama ambazo hazipungui hata kikipika kidogo: mitungi, boila, magari, wafanyakazi. Kinachokipa usingizi mzuri ni kujua mapema kwamba mwezi ujao mapipa kadhaa yataondoka. Mkataba wa baa unampa uhakika huo. Unampa pia kitu cha pili, ambacho naona ni kikubwa zaidi: mazoea. Watu wengi bia wanayoizoea baa ndiyo wanayoitia kwenye kikapu supamaketi. Kwa hiyo bomba la baa ni duka, na papo hapo ni tangazo lisilozimwa.

Sheria ya Ulaya inalijua jambo hili na imelipangia mipaka. Kanuni inayotumika sasa, ya mwaka 2022, inasema kwa ufupi hivi: kama muuzaji hazidi asilimia 30 ya soko lake, na mnunuzi hazidi asilimia 30 ya lake, mkataba wa kumfunga mnunuzi unaruhusiwa, mradi usizidi miaka 5. Anayezidi asilimia 30 hahesabiwi mkosaji hapo hapo, ila anapoteza kinga na mkataba wake unaweza kupimwa mmoja mmoja.

Halafu kuna mwanya. Kama jengo ni la muuzaji mwenyewe, au yeye ndiye aliyelikodi kwa mwenye nyumba na kukupangisha wewe, ile miaka 5 haihesabiki. Utafungwa kwa muda wote utakaokaa humo.

Viwanda vingi vya bia vya Ulaya vina majengo. Vingi vimekuwa navyo kwa vizazi.

Hektolita 132

Kesi iliyoweka msingi wa haya yote ilianzia Frankfurt, kwa mtu aliyekuwa amepangishiwa baa. Jina lake Stergios Delimitis. Mei 1985 alisaini mkataba na kiwanda cha Henninger Bräu: chumba cha baa ni cha kiwanda, bia ni ya kiwanda, soda ni za kampuni tanzu za kiwanda, na kila mwaka lazima achukue hektolita 132 za bia. Hizo ni lita 13,200. Ukizigawa kwa siku za mwaka unapata kama lita 36, kila siku, mvua inyeshe au jua liwake.

Hakuzifikia. Mwisho wa mwaka 1986 akavunja mkataba. Kiwanda kikapiga hesabu ya kodi ya pango, adhabu ya upungufu wa manunuzi na gharama nyingine ndogondogo, kikasema anadaiwa mark 6,032.15, na kikazikata kwenye amana aliyoweka alipoingia. Akaenda mahakamani kudai fedha zake.

Kesi ya mark elfu sita ikapanda hadi Luxembourg, kwenye Mahakama ya Umoja wa Ulaya.

Uamuzi ulitoka tarehe 28 Februari 1991, na nimeusoma zaidi ya mara moja kwa sababu naona ndani yake kuna akili ya kweli. Mahakama haikuuliza kama mkataba wa Delimitis ni mbaya. Iliuliza: ukikusanya mikataba yote ya namna hii katika nchi nzima, je, kiwanda kipya kinaweza kupata pa kuuzia? Kinaweza kununua kiwanda kingine chenye baa zake? Kinaweza kufungua baa mpya? Kama mlango umezibwa, ndipo linakuja swali la pili: kiwanda hiki hasa kinachangia kiasi gani katika kuuziba? Kiwanda kidogo chenye mikataba michache kinaweza kuachwa. Kikubwa chenye mikataba mingi na mirefu kinaweza kubanwa, hata kama maneno ya mikataba yao yanafanana herufi kwa herufi.

Niliposoma hapo nilimkumbuka yule mwenye kiwanda kidogo cha mtaa wa pili. Serikali za Ulaya zinamsaidia kwa ushuru. Tangu mwaka 1992 sheria ya Umoja inaruhusu nchi kumtoza mpikaji mdogo wa kujitegemea, asiyezidi hektolita 200,000 kwa mwaka, ushuru unaoweza kushuka hadi nusu ya ule wa kawaida. Ni msaada mkubwa, na naamini umewafanya wengi wathubutu kuanza. Lakini ushuru unamsaidia kupika. Kuifikisha bia yake kwenye bomba la rafiki yangu, umbali wa dakika chache kwa miguu, ni shughuli nyingine kabisa.

Mwenye baa wa Staines

Kama kuna kesi iliyonikosesha raha, ni ya Bernard Crehan.

Mwaka 1991 alichukua baa mbili huko Staines, magharibi mwa London, kwa mikataba ya pango ya miaka 20. Mwenye majengo alikuwa kampuni iitwayo Inntrepreneur, iliyomilikiwa kwa ubia na kampuni ya bia ya Courage na kampuni ya Grand Metropolitan. Mpangaji alilazimika kununua bia ya Courage, kwa bei iliyo kwenye orodha ya Courage. Malalamiko yake yalikuwa yaleyale ya rafiki yangu: baa huru za jirani, ambazo hazikufungwa na mtu, zilikuwa zikiuziwa bia ileile na kampuni ileile kwa bei ya chini sana.

Biashara ikafa. Mwaka 1993 Courage ikamshtaki kwa deni la bia, pauni 15,266. Naye akajibu: mkataba wenyewe unavunja sheria ya ushindani ya Ulaya, na mimi ndiye niliyeumia, nilipwe fidia.

Sheria ya Uingereza ilimkatalia hata kabla ya kumsikiliza. Ukisaini mkataba haramu, wewe nawe ni mshiriki wa uharamu. Huwezi kuutumia kudai fidia. Tarehe 20 Septemba 2001 Mahakama ya Ulaya ikasema hapana. Mtu aliyesaini kwa sababu hakuwa na nguvu ya kujadiliana anaweza kudai fidia kwa madhara ya mkataba huohuo aliosaini. Leo wanasheria wa ushindani Ulaya nzima wanaitaja kesi hiyo kila mtu anapodai fidia kwa njama za bei za malori, za saruji, za chochote.

Na Crehan mwenyewe?

Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimpa zaidi ya pauni 131,000. Mwaka 2006 Baraza la Malodi, lililokuwa ngazi ya juu kabisa ya mahakama wakati huo, likaufuta ushindi huo. Likasema jaji wa kwanza alikuwa na haki ya kupima mwenyewe kama soko la bia la Uingereza lilikuwa limezibwa kweli, na jaji huyo alikuwa ameona halikuzibwa.

Zaidi ya miaka 10 ya mahakama. Jina lake likawa nguzo ya sheria, na yeye hakupata kitu. Nimelifikiria hilo mara nyingi usiku. Haki ya kudai ipo, imeandikwa, inafundishwa vyuoni. Ila mtu wa kawaida mwenye mabomba matatu atamlipa wakili kwa fedha gani, na kwa miaka mingapi?

Uingereza ilipokata kamba

Hadi hapo msimamo wangu ulikuwa mwepesi: serikali ipige marufuku. Kiwanda kipike bia, mwenye baa aendeshe baa, basi.

Kumbe Uingereza ilikwisha kulijaribu jambo hilo, karibu kabisa.

Mwaka 1989 tume ya kuchunguza ukiritimba ya nchi hiyo ilitoa ripoti nzito juu ya biashara ya bia. Kampuni 6, yaani Bass, Allied, Whitbread, Grand Metropolitan, Courage na Scottish & Newcastle, zilikuwa zinapika kama robo tatu ya bia yote ya nchi na kumiliki maelfu kwa maelfu ya baa. Serikali ikatoa amri. Kampuni ya bia yenye baa zaidi ya 2,000 ilitakiwa kuziuza au kuziondolea kifungo cha bia nusu ya zile zilizozidi idadi hiyo, na baa zake zilizobaki ziruhusiwe kuuza bia moja ya mgeni, ya kiasili, isiyo ya mwenye jengo. Mwisho ulikuwa Novemba 1992.

Kampuni zikauza baa. Wanunuzi wakapatikana: kampuni mpya zisizopika hata lita moja. Kwa kuwa hazikuwa viwanda vya bia, amri haikuzigusa. Zikanunua baa kwa fedha za mikopo, zikaendelea kuwafunga wapangaji kwenye bia, safari hii zikijadili punguzo kubwa na viwanda na kuliweka mfukoni huku mpangaji akitozwa bei kamili. Katikati ya miaka ya 2000 mbili kati ya kampuni hizo, Punch na Enterprise, zilikuwa na zaidi ya baa 8,000 kila moja, idadi ambayo amri ya 1989 isingekiruhusu kiwanda chochote kuifunga yote.

Na viwanda? Vikiwa vimetenganishwa na baa zao, vikauzwa. Mwaka 2000 Whitbread na Bass ziliuza biashara zao za kupika bia kwa Interbrew ya Leuven, hapa Ubelgiji. Serikali ikaingilia, na Carling, bia kubwa ya Bass, ikaishia mikononi mwa Coors ya Marekani mwaka 2002. Amri yenyewe ikafutwa mwaka 2003.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka.

Kamba ilikatwa, na mpangaji akabaki amefungwa. Tofauti ni kwamba sasa aliyeshika ncha ya pili hakuwa hata mpikaji anayejali kama bia imetoka vizuri. Nikaanza kuona kwamba kufungwa kwenye bia moja si kiini cha tatizo. Kiini ni kwamba anayepanga bei ya pipa na anayeijua bei ya pipa la jirani ni mtu mmoja, na huyo si mwenye baa.

Waingereza walirudi mezani baada ya miaka mingi ya kelele. Novemba 2014 wabunge waliishinda serikali yao wenyewe kwa kura 284 dhidi ya 269, wakataka mpangaji wa kampuni kubwa apewe haki ya kuchagua: alipe pango la bei ya soko na anunue bia anapotaka. Tangu Julai 2016, England na Wales zina kanuni hiyo kwa kampuni zenye baa zilizofungwa 500 au zaidi, pamoja na msimamizi wake. Meno yapo. Mwaka 2020 msimamizi huyo aliitoza Star Pubs & Bars, kampuni ya Heineken, faini ya pauni milioni 2 kwa kuwabana wapangaji waliotaka kutumia haki hiyo kwa kuwawekea kiwango kikubwa mno cha bia za Heineken.

Kopo lililofutwa Kifaransa

Nikarudi Ubelgiji, kwenye lile jambo la bei ya supamaketi. Kwa nini bia ileile iwe na bei tofauti ndani ya mji mmoja? Na kama Uholanzi iko saa moja na kitu kwa gari, kwa nini muuzaji wa jumla asiende tu kuinunua huko ikiwa huko ni nafuu?

Wapo waliojaribu. Kilichowapata kimeandikwa kwenye uamuzi wa tarehe 13 Mei 2019 wa Kamisheni ya Ulaya, chombo cha Umoja kinachosimamia sheria za ushindani.

Jupiler ndiyo bia inayouzwa kuliko zote Ubelgiji, kama asilimia 40 ya soko kwa ujazo wakati wa uchunguzi. Mwenyewe ni AB InBev, ile Interbrew ya Leuven baada ya kuungana na wengine na kubadili jina. Uholanzi, ambako inapambana na Heineken nyumbani kwake, AB InBev ilikuwa ikiuza Jupiler kwa bei ya chini kuliko Ubelgiji. Ikaona hatari: bia nafuu ya Uholanzi ingevuka mpaka na kuishusha bei ya nyumbani.

Sasa tazama walivyofanya. Ubelgiji ina Waflemi wanaosema Kiholanzi na Wawaloni wanaosema Kifaransa, na sheria inataka maelezo ya lazima kwenye chakula na kinywaji yasomeke kwa lugha ya mahali kinapouzwa. AB InBev ikayaondoa maandishi ya Kifaransa kwenye makopo ya Uholanzi, ikabadili pia sura na ukubwa wa baadhi ya makopo. Kopo lile likawa halali Amsterdam na tatizo Liège. Juu ya hayo, muuzaji mmoja wa jumla wa Uholanzi alipunguziwa mzigo. Duka moja la Ubelgiji likanyimwa bidhaa nyingine mpaka likubali kupunguza kuingiza Jupiler ya Uholanzi. Na ofa za bei zikatolewa kwa duka la Uholanzi kwa sharti kwamba wateja wa Ubelgiji wasizipate.

Haya yalidumu kuanzia Februari 2009 hadi Oktoba 2016.

Faini ilikuwa euro milioni 200 na ushei, baada ya punguzo la asilimia 15 kwa kuwa kampuni ilikiri na kushirikiana. Ikaahidi pia kwamba kwa miaka 5 makopo na chupa zake za Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi yatakuwa na lugha zote mbili.

Nilikwenda jikoni nikachukua kopo, nikaligeuza. Mistari midogo ya viambato: maji, kimea cha shayiri, mahindi, hopsi. Kiholanzi juu, Kifaransa chini. Kwa miaka yote niliyoishi hapa sikuwahi kuijali ile mistari. Leo najua kwamba mistari michache ya wino ilitosha kuzuia malori ya bia mpakani katika bara lisilo na vizuizi vya mpakani.

Mwenye kutoa taarifa

Sitakaa sana kwenye njama za bei, maana zimeandikwa sana. Aprili 2007 Kamisheni ilizitoza Heineken, Grolsch na Bavaria, kampuni tatu za bia za Uholanzi, jumla ya karibu euro milioni 274 kwa kukutana hotelini na mikahawani kati ya 1996 na 1999 na kupanga bei za Uholanzi. Baadaye mahakama iliipunguzia Heineken na kuifutia Grolsch. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ilitoza kampuni za bia faini za jumla ya euro milioni 338, kwa makubaliano ya kupandisha bei ya mapipa mwaka 2006 na 2008, na kreti ya chupa kwa kama euro moja mwaka 2008.

Nataka msomaji aone jambo moja tu. Katika kesi zote mbili aliyetoa taarifa na kusamehewa faini yote ni kampuni ileile, InBev, ambayo wakati wa kesi ya Ujerumani ilikwisha kuitwa AB InBev. Mpango wa kumsamehe anayefichua una faida yake, bila huo njama nyingi zisingejulikana. Bado napata shida kuukubali kwa moyo mmoja. Mnywaji wa Utrecht aliyelipa bei iliyopangwa mezani hakujua amesamehe nini wala kwa niaba ya nani.

Komotini

Kaskazini ya mbali ya Ugiriki, katika mji wa Komotini, kuna kiwanda kinachopika bia ya Vergina. Soko la Ugiriki kwa miongo mingi limekuwa la Athenian Brewery, kampuni ya Heineken. Kiwanda cha Komotini kililalamika kwamba kila kinapogonga mlango wa baa au duka, kinakuta mwenye mlango amekwisha kulipwa ili asikifungulie.

Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Ugiriki ikakubali: Athenian Brewery ilitumia vibaya nguvu yake, kwa malipo na masharti kwa wauzaji wa jumla, maduka na baa, ili bia za wengine zisiuzwe. Faini ikawa zaidi ya euro milioni 31.

Faini inakwenda serikalini. Komotini hawakupata senti. Ikabidi waende wenyewe Amsterdam kuishtaki Heineken pamoja na kampuni yake tanzu, wakidai fidia, na ubishi wa kwanza ukawa ni kama mahakama ya Uholanzi ina mamlaka ya kusikiliza habari za Ugiriki. Swali hilo peke yake lilifika Luxembourg, na jibu la kuwafungulia njia lilitoka Februari 2025. Zaidi ya miaka 10 baada ya uamuzi wa Ugiriki, ndipo walipopata mlango wa mahakama.

Hapa simwonei huruma mfanyabiashara kwa sababu tu ni mdogo. Wapo wadogo wanaopika bia mbaya, na hao soko liwahukumu. Kinachoniuma ni kwamba soko halikupewa nafasi ya kuwahukumu Vergina. Mnywaji wa Athens hakuionja akaikataa. Hakuwekewa.

Kutoka Leuven hadi Ilala

Wasomaji wa nyumbani watauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu moja kwa moja.

Oktoba 2016 AB InBev ilikamilisha ununuzi wa SABMiller, mpinzani wake mkubwa wa bia, kwa zaidi ya dola bilioni 100. Kamisheni ya Ulaya ilikubali kwa sharti zito: karibu biashara yote ya SABMiller barani Ulaya iuzwe kwa mwingine. Ndiyo maana Peroni na Grolsch, na baadaye Pilsner Urquell ya Wacheki, Tyskie ya Poland, Dreher ya Hungaria na Ursus ya Romania, zote zilikwenda kwa Asahi ya Japani. Mnywaji wa Ulaya akalindwa asijikute na wapinzani wawili waliogeuka mtu mmoja.

Sehemu kubwa ya Afrika ilipita kama ilivyo. TBL, kampuni ya bia ya Tanzania yenye Kilimanjaro na Safari na makao yake Ilala, Dar es Salaam, ilikuwa chini ya SABMiller. Ikalala Ilala ikiwa ya SABMiller, ikaamka ni ya Leuven.

Nasi tulikuwa na funzo letu, mapema zaidi. Wakenya walijenga Kibo Breweries kule Moshi kupambana na TBL. Waafrika Kusini wakajenga kiwanda cha Castle kule Thika kupambana na Kenya Breweries. Mwaka 2002 wakakubaliana: Castle ya Thika ikafungwa, Kibo ya Moshi ikafungwa, kila upande ukachukua asilimia 20 ya hisa kwa mwenzake. Ushindani wa mpakani ukaisha kwa kusaini karatasi. Kampuni ya bia ya Serengeti ilipoingia kwa nguvu baadaye, ugomvi wake na TBL mbele ya Tume ya Ushindani ya Tanzania ulihusu nini? Mikataba na wenye baa, na mabango ya Serengeti kuondolewa kwenye kuta. Yaleyale ya Komotini.

Kwetu mabomba si mengi. Silaha ni friji. Kampuni inakupa friji bure, yenye rangi zake, na ole wako ikutwe na chupa ya mwingine ndani. Afrika Kusini waliliona hilo. Walipoidhinisha muungano wa 2016, waliiwekea AB InBev sharti kwamba mwenye duka au baa aliyepewa friji zake aruhusiwe kutenga angalau asilimia 10 ya nafasi kwa bia za wapikaji wadogo.

Katika yote niliyosoma, hilo ndilo sharti ninalolipenda kuliko yote. Halimnyimi mkopeshaji biashara yake. Halivunji mkataba wa mtu aliyesaidiwa kuanza. Halihitaji mwenye baa aende mahakamani kwa miaka 10. Linaacha mwanya mdogo wazi, na mnywaji aamue mwenyewe. Ubelgiji imewahi kusogea upande huo. Interbrew ililegeza mikataba yake ya mikahawa mwaka 2003 baada ya Kamisheni kuichunguza. Ila kulegeza kwa hiari si sawa na haki iliyoandikwa. Ningependa iandikwe, pamoja na jambo la pili: kila anayemfunga mwenye baa amwonyeshe, kwa maandishi na kila mwaka, bei anayowauzia wasiofungwa.

Kanuni ya Ulaya ya 2022 inakoma tarehe 31 Mei 2034, na kabla ya hapo Brussels itakusanya maoni ya kuandika nyingine. Viwanda vitatuma wanasheria wao, kama kawaida. Mashirika ya wenye mikahawa yanatakiwa yaanze sasa kukusanya mikataba na risiti za mapipa, kwa sababu bila hesabu za mezani hayatasikilizwa. Na kwa Dar es Salaam na Nairobi hakuna haja ya kusubiri mwaka huo. Sharti la friji liko Afrika Kusini, limekwisha kuandikwa, na kampuni lililoandikiwa ndiyo inayomiliki TBL leo.